Familia, Ukoo na Nyumba ya Mungu: Uhakiki wa Neno Moja la Mimbarani

Utangulizi

Ni maneno machache yanayotamkwa kwa wepesi katika ibada zetu kama neno "familia". Mhubiri huwasalimu washarika kuwa ni familia ya Mungu. Mzee wa kanisa hufunga kikao kwa kuwashukuru wanafamilia kwa uvumilivu wao. Katika harusi tunaambiwa kwamba familia mbili zimekuwa moja, na katika mazishi msemaji wa familia husimama kutangaza yale ambayo familia imeamua. Kila mmoja huitikia, na ni mara chache mtu huuliza ni familia ipi inayosemwa.

Makala hii inakusudia kuliuliza swali hilo. Haikusudii kulifukuza neno kwa sababu limetoka ugenini. Kiswahili kimewapokea wageni wengi, nao wamekuwa wenyeji wenye mashamba. Tatizo ni kwamba neno hili limefika kwetu likiwa na maana ndogo, nasi tunalitumia kana kwamba lina maana kubwa. Mahali pengine kosa hilo huishia kwenye hotuba tu. Lakini katika wilaya za Serengeti na Tarime, na hasa katika mji wa Mugumu na vijiji vyake, ukoo una neno la mwisho juu ya mwili wa binti, juu ya ng'ombe na juu ya shamba. Huko, mhubiri asemaye "familia" bila kueleza maana yake anaweza kuupa ukoo baraka ambayo Injili haikuutolea.

1. Neno lenyewe na safari yake

Familia ni neno la Kilatini, lililozaliwa na neno famulus, yaani mtumishi au mtumwa wa nyumbani. Kwa hiyo maana yake ya kwanza haikuwa baba, mama na watoto. Ilikuwa ni jumla ya watu na vitu vilivyo chini ya mkono wa bwana mmoja: mke, wana, wake za wana, watumwa, mifugo na shamba. Katika Sheria za Meza Kumi na Mbili, za katikati ya karne ya 5 kabla ya Kristo, neno hili laweza kutaja urithi wenyewe. Mwanasheria Ulpiano, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3 baada ya Kristo, alieleza kwamba neno hili lina maana zaidi ya moja: mali, watu walio chini ya mamlaka ya mtu mmoja, ndugu wote wa upande wa kiume waliotoka katika asili moja, na hata kundi la watumwa. Baba wa nyumba ya Kirumi alikuwa na mamlaka ya kisheria ya kumpokea mtoto mchanga au kumkataa, na mwanawe aliweza kuwa mtu mzima mwenye cheo serikalini huku bado hana mali yake mwenyewe mpaka baba afe.

Ukoo hasa Warumi waliuita gens, na migawanyo mikubwa ya raia waliiita tribus. Mtu aliujulisha ukoo wake kwa jina. Kornelio wa Matendo ya Mitume 10 na Yulio, yule akida wa Matendo 27, wote wawili wanachukua majina ya koo mashuhuri za Rumi. Hata neno ambalo Waingereza hulitumia kwa ukoo lina asili ya Kilatini: walilipokea kwa Waskoti, na wazee wa lugha yao walilikopa katika neno planta, yaani mche au chipukizi. Kwa hiyo katika neno moja la Kilatini tunapata ukoo kama mti unaochipuka, na katika neno jingine tunapata nyumba kama watu walio chini ya bwana. Haya ni mawazo mawili yaliyo mbali, wala hayapaswi kuchanganywa.

Hata hivyo yalichanganyika, na yalichanganyika ndani ya Biblia. Luka 2:4 inaeleza sababu ya Yusufu kwenda Bethlehemu kwa kutaja maneno mawili ya Kiyunani, oikos na patria. La kwanza ni nyumba. La pili ni watu wa baba mmoja, yaani ukoo. Tafsiri ya Kilatini iitwayo Vulgata iliweka domus na familia. Vivyo hivyo katika Yoshua 7, Israeli wanapopimwa kwa kura kutoka kabila hadi ukoo, kutoka ukoo hadi nyumba na kutoka nyumba hadi mtu mmoja, Vulgata inatumia familia kwa ukoo wa Zera, kisha inashuka kwenye nyumba. Basi katika Kilatini cha Kanisa, familia ilikuwa imepanda ngazi: haikuwa tena nyumba ya bwana mmoja, ilikuwa ukoo.

Luther alipoifasiri Luka 2:4 kwa Kijerumani hakulichukua neno hilo la Kilatini. Aliandika Haus na Geschlecht, nyumba na ukoo, kwa maneno ambayo mama aliye jikoni angeyaelewa. Neno la Kilatini lilizoeleka katika Kijerumani cha watu wa kawaida baadaye sana, na lilipozoeleka lilikuwa limeshuka tena ngazi: sasa lilitaja mume, mke na watoto wao, wakikaa chini ya paa moja na mlango umefungwa. Hiyo ndiyo familia iliyofika kwetu kwa njia ya shule, hospitali na ofisi za serikali.

2. Maneno tuliyo nayo

Kabla neno hili halijafika, Kiswahili hakikuwa na upungufu. Tulikuwa na ukoo, mbari, jamaa, nasaba, kabila, nyumba, na hata mlango kwa maana ya tawi la ukoo. Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 ilichagua katika hazina hiyo, na katika Luka 2:4 ikaweka mbari na jamaa. Uchaguzi huo ni mzuri kwa sehemu kubwa. Mbari imebaki na uzito wa damu na asili, nayo jamaa, yenye asili ya Kiarabu, hubeba wazo la watu waliokusanyika.

Neno jamaa ndilo alilolichukua Mwalimu Julius Nyerere katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya ujamaa. Inafaa kukumbuka kwamba Mwalimu alizaliwa Butiama, katika mkoa huu huu wa Mara, katika kabila dogo la Wazanaki. Alizijua koo kwa kuishi ndani yake. Hoja yake haikuwa kwamba ukoo unatosha. Alisema kwamba hisia ile ya kuwa ndugu ilindwe, lakini mipaka yake ivunjwe: ipite ukoo, ipite kabila, ipite taifa, mpaka iwafikie wanadamu wote. Tunaweza kuuliza mengi juu ya namna siasa hiyo ilivyotekelezwa, hasa katika operesheni za vijiji za miaka ya 1973 hadi 1976. Lakini kwa upande wa lugha Mwalimu alifanya jambo ambalo wahubiri wengi hatujalifanya: alilichukua neno la undugu na papo hapo akasema mipaka yake ni ipi.

"Familia" ya mimbarani haijapata kazi hiyo. Katika hati za shule, familia ni wazazi na watoto. Katika msiba, familia ni ukoo mzima, kwa maana msemaji wa familia haongei kwa niaba ya mjane, bali mara nyingi huongea juu yake. Katika mahakama ya mwanzo, anayeomba kusimamia mirathi huulizwa muhtasari wa kikao cha ukoo, nao muhtasari huo siku hizi huandikwa mara nyingine "kikao cha familia". Neno limekuwa kama vazi la kuazima: kila ajaye hulivaa kwa kipimo chake. Mjane anaposikia Jumapili kwamba Kanisa ni familia, ana haki ya kujiuliza kama ni familia ile iliyokaa Jumanne kugawa shamba la marehemu bila yeye kuwapo.

3. Mugumu: mahali pa kulipima neno

Wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake ni Mugumu, ni nchi ya watu wengi: Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengine. Tarime ni nchi ya Wakurya hasa, na ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kwa Wakurya kitengo kikuu ni ikiaro, kwa wingi ibiaro, ambacho magazeti yetu hukiita ukoo: Wairege, Wanyabasi, Wakira, Wanyamongo, Watimbaru, Wanchari, Wasweta, Wakenye na wengineo. Ikiaro kina ardhi yake, mila yake na baraza lake la siri la wazee, inchama. Ndani yake kuna matawi mpaka kufikia nyumba ya mwanamke mmoja na wanawe. Pia kuna marika, yanayomfunga mtu na wale aliotahiriwa nao.

Mpangilio huu una wema wake, na mhakiki asiyeuona hastahili kusikilizwa. Ukoo umewalea yatima wakati serikali haikuwa na mkono wa kufika. Miaka ya 1890, sotoka ilipoua ng'ombe na njaa ikafuata, watu waliotawanyika katika nchi hii ya magharibi ya Serengeti waliishi kwa sababu walipokewa katika koo za wengine, na watoto wao wakawa wenyeji. Tusiseme basi kwamba ukoo ni damu tupu. Ukoo umejua kumfanya mgeni kuwa mwana.

Lakini ukoo huo huo ndio ulioshika pinde na mapanga. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, Wanchari na Walenchoka walipopigana wilayani Tarime, nyumba zilichomwa na watu wakakimbia makwao, na katika pande zote mbili walikuwamo watu waliobatizwa. Na ukoo huo huo, kwa kauli ya wazee wake, ndio unaotangaza kwamba msimu wa tohara umefunguliwa, kwa kawaida mwezi wa Desemba shule zinapofungwa. Kwa wavulana ni tohara. Kwa wasichana ni ukeketaji. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imefanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara asilimia 32 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10.

Binti anayekataa hana mahali pa kukatalia ila kwa miguu yake. Hukimbia usiku. Mwaka 2014 ilifunguliwa Mugumu nyumba salama chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara, ikiongozwa na Rhobi Samwelly. Na huko Masanga, wilayani Tarime, Kanisa Katoliki limekuwa likiwapokea wasichana katika misimu hiyo. Msimu ukiisha, wazazi huitwa mbele ya polisi na maofisa wa ustawi wa jamii, huzungumzwa nao, na wakikubali huandika ahadi kwamba binti hatakeketwa. Wengine hukubali. Wengine hukataa kumpokea, wakisema kwamba aliyeukimbia ukoo si mtoto wao tena.

Hapa ndipo neno letu linapopimwa. Baba anayesema hivyo hutumia lugha ya familia, na huitumia kwa usahihi wa Kirumi kabisa: yeye ndiye mwenye nyumba, naye anaamua nani ni wa nyumba. Binti naye amesikia kanisani kwamba yeye ni mwana katika familia ya Mungu. Mmoja wao amelielewa neno. Ni nani?

4. Mafundisho mawili yaliyotuachia neno

Kuna mafundisho mawili, moja la Kilutheri na moja la Kikatoliki, ambayo yametusaidia kulipenda neno hili, na yote mawili yanahitaji kusomwa upya kutoka Mugumu.

La kwanza ni la Bruno Gutmann, mmisionari wa Misioni ya Leipzig aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1902 na kufanya kazi Uchaggani, hasa Moshi ya Kale, mpaka mwaka 1938, pamoja na vipindi vya kukatizwa. Gutmann aliona kwamba mwanadamu hazaliwi peke yake, bali huzaliwa ndani ya vifungo vilivyowekwa na Muumba: ukoo, ujirani na rika. Alitaka usharika ujengwe juu ya vifungo hivyo, si juu ya mtu mmoja mmoja aliyeng'olewa kwao. Tunamshukuru. Wakati wamisionari wengine walizifuta mila bila kuzijua, yeye aliziandika kwa maelfu ya kurasa, na sharika nyingi za kaskazini zinasimama mpaka leo kwa sababu hakuwalazimisha watu kuwa Wazungu kwanza.

Lakini vifungo vyote vitatu vya Gutmann vipo kwa Wakurya, na vyote vitatu hufanya kazi usiku ule binti anapokimbia. Ukoo umetangaza msimu. Jirani anaujua mlango aliopitia. Rika lake linamwimbia nyimbo za kumdhihaki kwa kuwa hakusimama nao. Gutmann aliviona vifungo kama kazi ya uumbaji, lakini hakutilia mkazo wa kutosha kwamba uumbaji huo umeanguka. Katika Katekisimo tunajifunza kifungu cha kwanza cha Imani, lakini hatukomei hapo. Usharika uliosimama juu ya kifungu cha kwanza peke yake hauna neno la kumwambia binti wa Mugumu isipokuwa "rudi kwenu".

Fundisho la pili lilitoka katika Sinodi ya Afrika ya Kanisa Katoliki, iliyokutana Roma kuanzia tarehe 10 Aprili hadi 8 Mei 1994, na waraka wake uliotiwa sahihi Yaoundé mwezi Septemba 1995. Sinodi ilichagua Kanisa kama Familia ya Mungu kuwa picha kuu ya Kanisa katika Afrika. Picha hiyo imevuka mipaka ya madhehebu na imeingia hata kwenye mahubiri yetu. Ina uzuri wa kuwaalika watu wajali, wakaribishane na waaminiane. Waraka wenyewe ulionya dhidi ya ukabila. Hata hivyo siku zile zile maaskofu walipokuwa wakikaa, Rwanda, nchi ya Wakristo wengi, ilikuwa ikimwaga damu ya watu wake, na mauaji mengine yalifanyika ndani ya makanisa. Askofu mmoja kutoka Nigeria aliwaonya wenzake kwamba katika saa ya jaribu, damu ya ukoo huweza kuwa na nguvu kuliko maji ya ubatizo.

Onyo hilo ndilo uhakiki bora wa picha ile, nalo lilitolewa ndani ya ukumbi ule ule. Ukisema "familia" mahali ambapo watu wamejifunza undugu kwa kujua ni nani si ndugu, huwaambii neno jipya. Unawapa jina jipya la kitu cha zamani.

5. Kufanywa wana

Je, basi tuliache neno? La hasha. Maandiko yenyewe yanatufundisha namna ya kulitumia.

Kwanza, Bwana wetu hakuuacha ukoo kama alivyoukuta. Katika Marko 3:31–35 mama yake na ndugu zake wanasimama nje wakimwita, naye anawatazama walioketi kumzunguka na kusema kwamba afanyaye mapenzi ya Mungu ndiye ndugu, dada na mama. Katika Marko 10:29–30 anaahidi kwamba aliyeacha nyumba kwa ajili yake atapokea mara mia. Msomaji alinganishe orodha mbili zilizomo humo. Katika yale yanayoachwa, baba yumo. Katika yale yanayopokelewa wakati huu kuna nyumba, ndugu wa kiume na wa kike, mama, watoto na mashamba, baba hamo. Nyumba mpya haipati bwana mpya wa duniani. Mahali pale pamekwisha kujazwa.

Pili, Paulo anapotafuta neno la kueleza namna tulivyoingia katika nyumba hiyo, katika Warumi 8:15 na Wagalatia 4:5, hachukui neno la kuzaliwa. Anachukua neno la kisheria, kufanywa wana. Katika desturi ya Kirumi, aliyefanywa mwana alitoka kabisa katika mamlaka ya nyumba ya kwanza na kuwa mrithi kamili wa nyumba ya pili. Waefeso 2:19 inawaita waliokuwa wageni kuwa watu wa nyumbani mwake Mungu. Kilatini kiliweka domestici, watu wa nyumba, wala hakikutumia neno la ukoo. Na katika Waefeso 3:15 lile neno patria linarudi, ambalo Vulgata ililiita paternitas na Union ikaliita ubaba. Maana yake ni kwamba kila ukoo unapata jina lake kwa Baba. Haina maana kwamba Baba anapata sura yake kwa ukoo. Tukiigeuza sentensi hiyo, tumemfanya Mungu kuwa mzee wa inchama.

Tatu, watu wa Mara hawahitaji kufundishwa jambo hili kana kwamba ni geni. Kwa Wakurya mtoto ni wa nyumba ambayo ng'ombe wake walilipwa. Hata katika nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mwana wa kiume humwolea nyumba yake mwanamke mwingine ili apate wana, watoto ni wa jina la aliyetoa ng'ombe, wala haijalishi damu ya mwanamume aliyewazaa. Kwa hiyo wanajua kwamba undugu huwekwa kwa malipo na neno, si kwa damu peke yake. Hapo mhubiri ana mlango ulio wazi, ila auingie kwa uangalifu, kwa maana ndani ya desturi hiyo hiyo kuna binti, mara nyingi mdogo na maskini, aliyelipiwa bila kuulizwa. Katekisimo Ndogo, katika kifungu cha pili, inatufundisha kwamba Kristo ametukomboa kwa gharama ambayo si dhahabu wala fedha. Mugumu tunaweza kuongeza bila kukosea: wala si ng'ombe. Lakini tofauti ni hii, kwamba gharama ya ng'ombe humfanya binti kuwa wa mwingine, na gharama ya Kristo humfanya kuwa mwana na mrithi. Aliyekwisha lipiwa hivyo hawezi kudaiwa mwili wake na mtu ye yote ili athibitishe kuwa ni wa nyumba.

6. Neno hili ni deni

Litazuka swali, nalo ni la haki. Wazee husema: "Mchungaji, ninyi mnampokea binti kwa mwezi mmoja, ukoo ndio utakaomzika." Ni kweli. Ukoo humpa mtu jina, mume, shamba na kaburi. Kanisa likimwita binti mwana wa familia ya Mungu, kisha mwezi wa Januari likamwacha mlangoni pa baba aliyemkataa, basi wazee wamesema kweli na mimbari imesema uongo.

Kwa hiyo nasema kwamba "familia" katika kinywa cha Kanisa ni neno la deni. Anayelitamka amekiri kwamba anadaiwa. Yako mambo manne ambayo sharika zetu zinaweza kuanza kulipa nayo.

Kwanza, mhubiri alieleze neno kila anapolitumia. Aseme waziwazi kwamba nyumba hii huingiwa kwa ubatizo, kwamba hakuna aliyezaliwa ndani yake, na kwamba hakuna mzee wa ukoo mwenye haki ya kumtoa mtu humo.

Pili, ubatizo wa mtoto wa kike na Kipaimara chake view viwe mahali ambapo wazazi na wasimamizi wanaulizwa hadharani juu ya mwili wake. Wasimamizi wa ubatizo wetu wamekuwa mapambo. Katika wilaya hizi wangeweza kuwa watu ambao binti anajua mlango wao, na ambao jina lao limeandikwa katika kitabu cha usharika.

Tatu, upatanisho usiachiwe polisi na ustawi wa jamii peke yao. Mchungaji na wazee wa kanisa wakae katika vikao hivyo, na wamtembelee binti baada ya kurudi, si mara moja. Na baba akikataa kabisa, usharika utafute nyumba ya kumlea na ada ya kumsomesha, nao uviandike katika makisio ya mwaka kama inavyoandika bati na saruji.

Nne, tuwe wakweli juu ya mali. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotoka Bukoba, ilitamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Jaji aliliona jambo ambalo mimbari nyingi bado hazijalisema. Mchungaji anayeombwa kufungua kikao cha mirathi kwa sala auangalie muhtasari kabla ya kusema "Amina", na aulize kama mjane na mabinti wamo.

Hitimisho

Tumeona kwamba neno familia lilianza na watumwa chini ya bwana, likapanda kuwa ukoo katika Vulgata, likashuka kuwa wazazi na watoto katika lugha za Ulaya za siku hizi, na likafika kwetu likiwa na maana zote tatu bila kutangaza hata moja. Luther, alipofika mahali hapo, alitumia nyumba na ukoo, kila kimoja kwa jina lake. Nasi tunaweza kufanya hivyo. Ukoo tuuite ukoo, tuuheshimu kwa wema wake na kuukemea kwa ubaya wake. Na pale tunapotaka kusema habari ya watu wa Mungu, neno nyumba laweza kutufaa zaidi kuliko tulivyodhani, kwa maana nyumba ina mlango, na mlango hufunguliwa na aliye ndani.

Mugumu wapo mabinti wanaojua maana ya nyumba kuliko wanafunzi wetu wa Kiyunani. Wameitafuta gizani kwa miguu. Kila Desemba inayokuja inatudai jibu kama ile waliyoifikia itakuwa yao hata baada ya msimu kupita.